Ugonjwa Hauulizi Mpaka

Wasikilizaji, leo twapenda kuwaeleza habari za ugonjwa wa malale, jinsi ulivyowalazimisha majirani wawili, Waingereza na Wajerumani, kukaa pamoja na kupatana. Habari zenyewe ni za zamani, lakini mafunzo yake twayahitaji hata sasa.

Katika mwaka wa 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, nchini Uganda, waliona wagonjwa wa namna mpya. Mtu alishikwa na homa, akakonda, akawa akisinzia mchana. Mwisho alilala usingizi asiamke tena. Yakadiriwa kwamba hata kufika mwaka wa 1920 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa huko Uganda, wengi wao kando ya Ziwa Viktoria na visiwani mwake.

Mwaka wa 1903 David Bruce alithibitisha ya kuwa ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Machifu na wamisionari walimpelekea wadudu waliokusanywa mahali pengi. Akaona kwamba penye malale ndipo penye mbung'o. Mdudu huyo humwuma mgonjwa, kisha humwuma mtu mzima na kumtia vijidudu damuni.

Sasa tutazame upande wa Wajerumani. Robert Koch alipofika mwaka wa 1906, aliona huko Kiziba, karibu na Bukoba, kwamba wagonjwa walikuwapo ingawa mbung'o hawakuonekana. Wagonjwa hao walikuwa watu waliokwenda upande wa Uganda kutafuta kazi ya kuvuna mpira, wakarudi makwao na malale mwilini. Serikali zilikuwa zimechora mpaka, lakini vijidudu havikuujua. Koch mwenyewe alivuka akafanya kazi yake katika visiwa vya Sese, kwa ruhusa ya Waingereza.

Mataifa ya Ulaya yalikutana London mwaka wa 1907 na tena mwaka wa 1908, yasiafikiane. Ndipo tarehe 27 Oktoba 1908 Waingereza na Wajerumani walipotia sahihi mapatano yao wenyewe kwa ajili ya Afrika ya Mashariki: madaktari wapashane habari, wagonjwa wazuiwe wasivuke mpaka, na makambi yajengwe ya kuwatenga na kuwatibu.

Mapatano hayo yalikuwa mema, lakini yalikuja baada ya makaburi mengi kuchimbwa. Tena wenyeji waliamriwa tu, hawakushauriwa. Watu wa Sese walihamishwa visiwani mwao mwaka wa 1909. Dawa iitwayo atoksili, ilipozidishwa, iliwapofusha macho baadhi ya wagonjwa. Je, ni ajabu mtu kuogopa kambi? Na mgonjwa ajifichaye hawezi kutibiwa. Kisha mwaka wa 1914 vita vilizuka, na majirani waliopatana wakawa maadui.

Tulinganishe hayo na mambo ya mwaka wa 2019. Ebola ilikuwa ikiua watu mashariki ya Kongo tangu mwaka uliotangulia. Uganda haikungoja mgonjwa wa kwanza. Iliwachanja mapema wahudumu wa afya karibu 4,700. Mwezi wa Juni jamaa mmoja walivuka kutoka Kongo wakiwa na ugonjwa, ukagunduliwa wilayani Kasese. Watatu kati yao walifariki, nasi twawasikitikia. Lakini haukuenea katika Uganda. Juma lile lile, huko Namanga, Kenya na Tanzania zilikuwa zikifanya zoezi la pamoja, kana kwamba homa ya Bonde la Ufa imezuka mpakani: nani apashe habari, nani apime, nani aende kwa wafugaji.

Wazee wetu walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maji hutiwa kabla ya wembe kufika. Basi sisi tukaao karibu na mipaka, wenye shangazi na wajomba ng'ambo ya pili, wenye kwenda sokoni huko na kurudi jioni, tusidhani kwamba kazi hii ni ya Serikali peke yake. Tukisikia ugonjwa mgeni kwa jirani, tumwarifu mhudumu wa afya siku ile ile. Na akija mgonjwa, tusimfukuze hata akapita njia za panya. Tumpeleke hospitali kwa upole, naye hatakuwa na sababu ya kujificha.