Majivu ya Tournai na pumba za Kyela

Mimi mzima, baridi tu ya Molenbeek.

Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe wa kaka. Saruji imepanda, nyumba ya mama imekwama kwenye lenta, na fundi anataka kupunguza saruji nusu kwa majivu ya pumba kutoka tanuru la matofali. Nikarudi zangu kando ya mfereji wa Charleroi, ule uliofunguliwa 1832 na kuleta makaa ya mawe kwenye viwanda vya hapa, huku nawaza.

Jamani, wazo la fundi si geni. Kabla Mwingereza Joseph Aspdin hajasajili saruji ya Portland mwaka 1824, mji wa Tournai ulichoma chokaa kwa makaa ya mawe. Majivu yaliyodondoka chini ya tanuru pamoja na vipande vya chokaa hayakutupwa. Yalitwangwa, yakajengea hata ndani ya maji. Mhandisi Mfaransa Bélidor aliyaeleza katika kitabu chake cha 1729, Ubelgiji yenyewe haijazaliwa!

Siri ni silika. Chokaa ikikutana na silika ya majivu na maji, hutoka gundi ileile inayoipa saruji nguvu. Pumba za mpunga zina silika tele: kilo 1000 za mpunga hutoa kama kilo 200 za pumba, nazo zikiungua hubaki kama kilo 40 za majivu. Na dunia inapona kidogo, maana kilo 1000 za mawe ya chokaa zikichomwa kiwandani hutoa kilo 440 hivi za kaboni dayoksaidi, moshi wa kuni au makaa haujahesabiwa.

Ila kaka, sikia. Moto ukipita nyuzi 700 hivi, silika hugeuka fuwele na majivu hulala, hayashiki vizuri. Tanuru la matofali huwa kali kuliko hapo. Halafu vumbi la fuwele hizo hutia makovu kwenye mapafu, na mapafu hayo hayaponi. Hapo nasema kama nesi.

Basi lenta na nguzo ziachiwe saruji kamili, hela natuma mwisho wa mwezi. Majivu yajaribiwe kwenye tofali chache kwanza, yakilowanishwa, watoto wakae mbali.

Mama, nyumba itaisha. Nawapenda wote, andikeni basi!