Endelevu: nani anayeendelea?

Kiambishi -vu hutupa sifa kutoka kwenye kitenzi: sikia, sikivu; tulia, tulivu; endelea, endelevu. Msikivu tunamjua ni nani. Ila tukisema "uvuvi endelevu", ni nini hasa kinachoendelea? Sikio la kawaida linasikia uvuvi usiokoma, nyavu majini usiku na mchana. Wataalamu wanakusudia karibu kinyume chake: kuvua kusikozidi kasi ya samaki kuzaliana na kukua, hata ikibidi kusimama. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15. Nyavu zikaanikwa, na huo ndio ukawa uendelevu wenyewe.

Huku Karatu neno hili lina kibarua kigumu zaidi. Ziwa Eyasi, kule chini Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, ni la chumvi na kina chake ni kifupi. Mvua zikikolea linajaa, watu wanavua kambare na perege. Kiangazi kikikaza, maji yanarudi nyuma na kuacha tope lililopasuka, jeupe kwa magadi. Perege mchanga aliyepenya wavu wa macho makubwa anaweza kufia hapo kabla hajataga. Sasa kumwachia kulikuwa uendelevu, au hasara tupu? Kwa maoni yangu, Eyasi haiulizwi kwa wavu peke yake. Iulizwe pia kwa mito na chemchemi zinazoilisha, na kwa kiasi cha maji kinachobaki baada ya vitunguu kunyweshwa.