Ualimu wa Lugha Japani

Ualimu wa lugha Japani ni kazi ya wageni wanaofundisha lugha zao au Kiingereza nchini humo. JET, mpango wa serikali ulioanza 1987, huajiri wenye shahada kwa mkataba wa mwaka mmoja, unaoweza kurefushwa hadi miaka 5. Mgeni humsaidia mwalimu Mjapani darasani. Kengele ya saa mbili asubuhi ikilia huko, Mishomoroni, mtaa wa Mombasa, ni saa nane usiku. La kujivunia zaidi pwani ni Kiswahili: mwandishi Mzanzibari Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa 1947, alikifundisha Osaka, katika chuo cha lugha za kigeni kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007.