Umri wa Makamo na Hukumu za Watazamaji

Mwaka 1957, mbele ya wachambuzi wa nafsi jijini London, Elliott Jaques, Mkanada wa miaka 40, alidai kwamba mtu akifika katikati ya maisha huanza kukiona kifo chake waziwazi, na jambo hilo humtikisa. Makala yake ilichapishwa mwaka 1965. Alitegemea maisha ya wasanii 310 pamoja na wagonjwa aliowatibu. Huo ni msingi mwembamba mno kwa nadharia iliyoenea kiasi kwamba leo mwanamume wa miaka 45 hanunui pikipiki asichekwe.

Nadharia hiyo ilipopelekwa kwa watu wa kawaida, ilipwaya. Katika utafiti wa Elaine Wethington uliochapishwa mwaka 2000, takriban robo ya Wamarekani waliohojiwa walisema wamewahi kupatwa na mtikisiko wa makamo. Walipoeleza yaliyowapata, wengi walizungumzia misukosuko kama talaka, misiba na kupoteza kazi, mambo yasiyosubiri umri.

Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, ni mfano mzuri wa misukosuko hiyo. Mwaka 1982, akiwa na miaka 41, alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, kama sheria ilivyomtaka. Akaenguliwa kwa madai kwamba hakujiandikisha kupiga kura. Chuo nacho kikakataa kumrudisha, kisha akatakiwa kuhama nyumba ya chuo. Talaka yake ilikuwa imetoka mwaka 1979. Mtazamaji wa siku zile angeweza kusema, bila kuonekana mpuuzi, kwamba mama huyu amevurugikiwa. Leo, kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, mabadiliko yaleyale husimuliwa kama kukomaa.

Hukumu zote mbili zinakosea, kwa sababu zinatazama matokeo. Lenye uzito zaidi ni lililotangulia: Vuguvugu lake la kupanda miti, la Mkanda wa Kijani, lilianza mwaka 1977, miaka mitano kabla hajafukuzwa nyumbani. Kilichobadilika mwaka 1982 ni kwamba kazi ya pembeni iligeuka kuwa kazi kuu.

Mchoraji Paul Gauguin naye husimuliwa kama dalali wa hisa aliyeamka siku moja akatorokea Tahiti. Ukweli ni kwamba alikuwa akionyesha kazi zake pamoja na wachoraji wa mkondo wa Impreshonisti tangu mwaka 1879, soko la hisa la Paris likaporomoka mwaka 1882, naye hakupanda meli ya kwenda Tahiti hadi mwaka 1891. Ghafla gani hiyo ya miaka 12?

Lakini hata neno tamu la ukuaji lina gharama ambayo waandishi wengi wa wasifu hawaitaji. Mette, mke wa Gauguin, alibaki Copenhagen akifundisha Kifaransa ili kuwalea watoto watano. Maathai, baada ya talaka, mshahara wake ulipokuwa haumtoshi, alikubali kazi ya Umoja wa Mataifa iliyomweka zaidi Lusaka, na watoto wake watatu wakaenda kuishi kwa baba yao hadi mwaka 1985. Tofauti ni kubwa: yeye aliwatembelea mara kwa mara, tena hakuondoka kwa kuchoshwa na familia. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kupima ukuaji wa mtu wa makamo hana budi kuwahoji pia waliobaki nyumbani, jambo ambalo Jaques, kwa wasanii wake 310, hakulifanya.