Masisi na Walikale: Heshima ya mwanamichezo isingoje matanga

Mwezi wa nane mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipeleka wanamichezo wanne tu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, nchini Brazili. Nchi kubwa namna hii, wanamichezo wanne. Na kati ya hao wanne, wawili walikuwa wamefanya mazoezi Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, upande wa Sake ukielekea Minova. Hiyo ni teritwari ya Masisi, jimbo la Kivu ya Kaskazini.

Wa kwanza ni Makorobondo Salukombo, aliyekimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Wa pili ni Beatrice Kamuchanga, aliyekimbia mita 5,000. Hakuna aliyerudi na medali. Lakini jina la Masisi, ambalo dunia huzoea kulisikia kwenye habari za mapigano na za wakimbizi, siku hizo lilisikika kwa sababu ya miguu ya vijana wake.

Miaka imepita. Swali linalobaki kwa wakaaji wa Masisi na Walikale ni hili: majina hayo yameandikwa wapi? Na wale waliowahesabia dakika, waliowapikia, waliowafungulia mlango alfajiri, majina yao yako wapi?

Kijana aliyerudi Kirotshe

Historia ya Salukombo inafanana na ya familia nyingi za hapa. Vita viliwaondoa kwao wakapitia Uganda, na mwishowe wakapokelewa Marekani, kwenye jimbo la Ohio. Huko alisoma shule ya sekondari, akaonekana ana mbio, akaendelea mpaka chuo kikuu cha Denison.

Angeweza kubaki huko na kusahau. Yeye alirudi. Alianzisha mradi uliochukua jina la kijiji chenyewe, Project Kirotshe, kwa ajili ya vijana wapate kukimbia na pia kusoma. Kamuchanga alitoka katika kundi hilo. Kwa hiyo Salukombo alikwenda Rio akiwa mkimbiaji, na huku nyumbani ni kocha. Mtu mmoja, kazi mbili, na ile ya pili haina medali hata ukishinda.

Marathoni ile ya Rio ilishindwa na Eliud Kipchoge wa Kenya. Yeye alikuwa na kambi ya mazoezi na kocha aliyewahi kupata medali ya Olimpiki. Vijana wa Kirotshe walikuwa na barabara ya mawe, ambayo siku nyingine haipitiki kwa sababu ya usalama. Anayejua tofauti hiyo hataangalia tu mtu alifika wa ngapi. Atauliza pia alitokea wapi.

Ndaye, aliyelilwa akiwa hai

Kongo ina mfano mchungu wa heshima iliyokuja vibaya. Mwaka 1974, nchi ikiitwa Zaire, ekipe ya taifa ilichukua Kombe la Afrika nchini Misri. Mshambuliaji Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika shindano moja. Fainali dhidi ya Zambia ilichezwa mara mbili: ya kwanza iliisha 2-2, ya pili Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalikuwa ya Ndaye.

Wachezaji walipokelewa na Mobutu, wakapewa nyumba na magari. Miezi michache baadaye walikwenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Walifungwa na Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0 na Brazili 3-0. Katika mechi ya Yugoslavia, Ndaye alitolewa uwanjani kwa kosa la kumpiga mwamuzi teke, kosa lililofanywa na mwenzake. Sifa ya mwezi wa tatu ikageuka aibu ya mwezi wa sita, na serikali ikawapa mgongo.

Ilichukua miaka 20 Ndaye akumbukwe. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, akapewa heshima. Aliporudi nyumbani, wezi wenye bunduki walidhani sasa ni tajiri. Walimpiga risasi ya mguu. Baadaye alikimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya mkimbizi maskini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumlilia kwa sababu habari ya uongo ilisema amekufa. Ndaye alikuwa hai. Alifariki mwaka 2019, huko huko Afrika Kusini.

Hapa kuna mafundisho mawili kwa wanaotaka kuandaa sherehe za wanamichezo vijijini. La kwanza: heshima ikichelewa, inaweza kumkuta mtu ameisha kuvunjika, au kumlilia aliye hai. La pili: katika eneo lenye silaha mikononi mwa watu wengi, heshima yenye kelele za pesa inaweza kumletea mtu hatari mlangoni. Bahasha inayoonyeshwa mbele ya umati ni ya kuogopa. Jina linalosomwa kwa adabu haliibiwi.

Ni nani aliyemfunga mkanda wa kwanza?

Ng'ambo ya ziwa, Bukavu, alizaliwa Popole Misenga. Akiwa mtoto alikimbia mapigano, akakaa msituni siku nane, kisha akafikishwa Kinshasa kwenye kituo cha watoto waliopotezana na familia. Huko ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio kwa mashindano ya dunia akiwa na jezi ya Kongo, na hakurudi. Pamoja na Yolande Mabika, mwenzake wa Bukavu, alibaki Brazili kama mkimbizi.

Mwaka 2016 wote wawili waliingia katika ekipe ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, yenye wanamichezo 10. Uwanja wa Maracanã ulisimama kuwapigia makofi. Misenga alimshinda Mhindi katika pambano lake la kwanza, akashindwa na Mkorea katika la pili.

Dunia inamjua Misenga. Lakini kuna mtu aliyemfunga mkanda wa kwanza, akamwonyesha namna ya kuanguka bila kuumia. Huenda ni mtu wa kujitolea asiye na mshahara. Katika habari nyingi zilizoandikwa juu ya Misenga, mtu huyo hana jina. Na ndivyo ilivyo kwa karibu kila mwanamichezo aliyetoka mashariki mwa Kongo.

Kazi isiyoonekana kwenye matokeo

Mpira wa miguu wa Kongo una ngazi zake: shirikisho la FECOFA juu, ligi za majimbo chini yake, kisha maantanti na maserkle. Lakini chini ya ngazi zote hizo kuna watu. Kuna mwalimu wa shule ya msingi anayetunza filimbi na mpira mmoja chini ya kitanda chake. Kuna anayeamka mapema kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Kuna mama anayepika maharagwe kwa ekipe ya wageni waliotembea kutwa, kwa sababu kati ya kijiji na kijiji huko Walikale gari halipiti na pikipiki ni ghali. Kuna mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu anayekaa pembeni na bandeji. Kuna mzee anayeingia katikati wavulana wanapotaka kupigana, akawakumbusha kwamba kesho watakutana sokoni.

Huyu wa mwisho labda ndiye muhimu kupita wote. Katika Masisi na Walikale, kijana asiye na shule wala kazi huitwa na wengi: na mgodi, na barabara, na kundi lenye silaha. Anayemwita uwanjani saa kumi ya jioni amechukua saa mbili za siku yake. Mara nyingine saa mbili hizo zinatosha.

Na bado, mashindano mengi yakifika mwisho, anayeshukuriwa kwanza ni aliyeleta jezi. Wakati wa kampeni, jezi hizo huja na picha ya mgombea kifuani. Si vibaya kumshukuru aliyetoa. Vibaya ni kumsahau aliyebaki baada ya jezi kuchanika.

Kongo yenyewe imeonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Kule Kinshasa, uwanja uliopokea pambano la Muhammad Ali na George Foreman mwaka 1974 leo hauitwi kwa jina la bondia. Unaitwa Tata Raphaël, jina la padri aliyeandaa michezo ya vijana wa mji huo. Na Goma, kwenye mzunguko wa barabara, imesimama sanamu ya chukudu na msukumaji wake, yule yule anayeteremsha viazi na makaa kutoka Masisi. Haina jina la mtu, lakini kila msukumaji akipita anajua ni yeye.

Miti ya Iten

Mfano ulio rahisi zaidi kuigwa uko Kenya. Mwaka 1976, mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's huko Iten kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Aliombwa kusaidia upande wa mbio, akabaki. Mmoja wa vijana aliowakuza ni David Rudisha, aliyeshinda mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Katika kiwanja cha shule hiyo, mabingwa waliopitia hapo wamepandiwa miti, kila mti na kibao chake. Mwanafunzi mpya akipita kwenda darasani, anasoma majina. Mche wa mti na ubao mdogo, gharama yake hata kijiji cha Walikale kinaiweza.

Daftari kabla ya kikombe

Masisi na Walikale zina sababu ya haraka kupita Iten. Mwezi wa pili mwaka 2024 watu wengi waliihama Sake. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita vilifika Masisi-katikati, Sake na Goma. Mwezi wa tatu vikafika Walikale-katikati. Kila mara watu wakikimbia, wanabeba mtoto, godoro na sufuria. Daftari la ekipe haliko kwenye orodha hiyo. Viwanja hugeuka kambi, makocha hutawanyika, na historia ya mchezo wa kijiji kizima hubaki kichwani mwa wazee wawili au watatu.

Ndiyo maana heshima ya kwanza isiwe kikombe. Iwe daftari: jina la mtu, kijiji chake, kazi aliyofanya, na miaka aliyoifanya. Mchezaji, kocha, mwamuzi, mpishi, mchora mistari, wote ukurasa mmoja. Nakala moja ikae shuleni, nyingine parokiani au kanisani, na picha ya kila ukurasa iwekwe kwenye simu ya mtu anayeishi mbali. Kisha siku ya fainali, kabla filimbi haijapigwa, majina yasomwe kwa sauti na wenyewe wakiwepo.

Salukombo na Kamuchanga wawe kwenye ukurasa wa kwanza wa Kirotshe. Chini yao uachwe mstari kwa ajili ya yule aliyekuwa akishika saa kando ya barabara. Wako wanaomjua kwa jina. Waulizwe sasa, wangali wanakumbuka.