Laptopu Yako Haijafa, Ni Draiva Iliachwa Yatima

Wasee, kabla fundi hajakuambia "hii tupa tu", sikiza hii stori kidogo.

Mwaka 2008 Intel walitoa chipu za Atom za mashine ndogo, zisizokula stima nyingi. Chipu ya picha iliyokuja nazo, GMA 500, ilitumia usanifu wa PowerVR, mali ya Imagination Technologies ya Uingereza. Hapo ndipo maneno yalianzia. Draiva ni ile programu inayowezesha mfumo kuongea na kifaa, na ya hii chipu ilikuwa na siri za wenyewe. Watu wa Linux waliteseka na picha za kukwama hadi 2011, Alan Cox alipoingiza draiva huru, gma500. Hata hiyo haikuwa na nguvu ya 3D.

Ungedhani somo limeingia. Wapi! Mwaka 2012 zikaja tableti za Clover Trail, tena na PowerVR. Mwaka 2017 Windows 10 ilipopata Creators Update, tableti hizo zikafungiwa nje, maana Intel walikuwa washaacha kuzihudumia. Microsoft wakaahidi kuzipa masasisho ya usalama tu, hadi Januari 2023. Mashine nzima, inawaka vizuri, lakini mlango umefungwa.

Mimi naona hivi: hizi mashine hazikuzeeka, zilitelekezwa.

Sasa wewe mwenye kalaptopu ka mtumba, jipange. Kabla ya kufomati Windows 10, weka flashi, fungua folda, kisha uandike amri hii ukiwa msimamizi:

pnputil /export-driver * D:\draiva

D ni herufi ya flashi yako. Hapo umebeba draiva zako.

Ushafomati na waifai imepotea? Ingia Device Manager, tafuta alama ya njano, bonyeza mara mbili, nenda Details, halafu Hardware Ids. VEN ni mtengenezaji, na 8086 ni Intel. DEV ni kifaa chenyewe. GMA 500, kwa mfano, ni 8108. Tafuta draiva ya nambari hiyo kwa tovuti ya kampuni iliyounda laptopu, ya modeli yako kamili. Zile programu za "draiva zote bure" achana nazo, nyingi zitakuletea takataka.

Kwa hivyo fundi akisema itupwe, muulize kwanza: nambari ya kifaa ni gani? Akikosa jibu, beba laptopu yako urudi nayo nyumbani.