Gharama ya risasi za kulenga shabaha nchini Marekani

Gharama ya risasi huwalemea wapenzi wa kulenga shabaha nchini Marekani, kwa kuwa bunduki hununuliwa mara moja lakini risasi huisha katika kila zoezi. Bei hutegemea ganda la shaba, baruti, fataki na kichwa cha risasi. Ndiyo maana risasi ya .22 Long Rifle, iliyo ndogo na yenye baruti kidogo, ni kimbilio la wanaoanza. Kodi nayo huongeza bei: sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 hutoza risasi ushuru wa asilimia 11 unaogharimia uhifadhi wa wanyamapori. California iliongeza asilimia 11 nyingine Julai 2024.

Hofu ya wanunuzi nayo hutikisa soko. Baada ya mauaji katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, watu walihofia sheria kali za silaha wakanunua kwa pupa, hata .22 ikaadimika madukani. Uhaba ulirudi 2020, wakati wa UVIKO-19.

Wanaofyatua sana hujaza upya maganda yaliyotumika, kwani ganda ni sehemu ghali na hudumu kwa mijazo kadhaa. Ganda la .22 halijaziki kwa urahisi: fataki yake imo ndani ya ukingo, ambao hubonyezwa risasi inapofyatuliwa.